Mikono yangu imezoea ngozi: ninunue chombo gani cha umeme?

Mama Mshauri, shikamoo.

Nimesoma safu hii muda mrefu, leo nami nimeona niandike. Mimi ni mpiga ngoma wa mkono. Nilianza na bongo nikiwa msichana mdogo, nikahamia konga, na hadi sasa konga ndiyo sauti yangu. Napiga katika kikundi chenye gitaa, besi, kinanda na waimbaji wawili. Hatuna seti ya dramu, kwa hiyo mdundo wote uko mikononi mwangu.

Matatizo yalianza tulipohamia ghorofani. Mume wangu anafanya kazi za zamu. Wiki hii analala usiku, wiki ijayo analala mchana. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja. Konga ikiguswa kwa vidole tu, jengo zima linapata habari. Mume wangu hajanikataza hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu namwona anajifunika mto kichwani badala ya kusema neno. Sasa napiga siku za mazoezi ya kikundi tu, na mikono imeanza kusahau. Kofi langu, lile pigo kali la konga, limefifia. Mapigo ya haraka ya mkono wa kushoto yananipotea katikati ya wimbo.

Nimeamua kununua chombo cha umeme cha kupigwa kwa mikono, nijifunzie nyumbani kwa hedifoni, na kikifaa nipande nacho jukwaani. Hapo ndipo nilipokwama, maana kila mtu ana lake.

Kiongozi wetu anataka ninunue mashine ya pedi za mpira zinazopigwa kwa vijiti. Anasema ina manyanga, kengele, makofi ya watu na hata dramu kamili, na kikundi kitachangia nusu ya bei. Rafiki yangu naye anauza Wavedrum yake ya Korg. Nilipoigusa nilisisimka, kwa sababu juu yake imewambwa kama ngoma ya kweli. Dukani wakanionyesha HandSonic ya Roland, yenye pedi za mpira za kupigwa kwa viganja. Muuzaji aliniambia ina sauti zaidi ya 800. Nikamuuliza kama inasikia vidole vizuri. Akanirudia idadi ya sauti.

Ninachoogopa ni hiki. Niliwahi kuazima pedi ya umeme, jina lake nitaliacha, nikapiga mwendo wa kisigino cha mkono na vidole, ule mwendo mdogo mdogo unaojaza nafasi kati ya mapigo makubwa. Chombo kilitoa kama nusu tu ya nilichopiga. Nikaongeza nguvu. Kesho yake viungo vya vidole vilikuwa vimevimba.

Halafu yuko mwalimu wangu, aliyenishika mkono na kunionyesha kofi linavyotoka. Nilipomweleza mpango wangu alinyamaza, kisha akasema: "Ukishazoea mpira, ngozi itakukataa." Ni mtu ninayemheshimu sana na maneno yake hayajanitoka.

Fedha zangu zinatosha chombo kimoja. Nishike kipi?

Binti yako,
Kiganja Kimya

*

Marahaba, mwanangu Kiganja.

Swali ulilomuuliza muuzaji yule ndilo swali lenyewe, na ninasikitika hakukujibu. Chombo cha kupiga kwa mikono huchaguliwa kwa kile kinachosikia. Sauti 800 hazina faida yoyote ikiwa kidole chako cha pete kinagusa na chombo kinadhani hakuna aliyegusa. Kwa hiyo kabla sijakutajia jina la chombo, nikueleze kilichoyameza mapigo yako siku ile, maana hapo ndipo uchaguzi wako ulipolala.

Ndani ya pedi nyingi za umeme kuna kihisi cha piezo, kisahani chembamba ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Tabia hiyo ilielezwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na leo imo katika karibu kila seti ya dramu za umeme. Piezo inapenda mshtuko. Kijiti kinapogonga mpira, mshtuko ni mkali na mfupi, na kihisi kinauelewa mara moja. Kiganja ni laini. Nyama ya mkono humeza sehemu kubwa ya mshtuko kabla haujafika kwenye kisahani. Mtengenezaji naye huweka kizingiti ndani ya chombo: pigo lililo chini ya kiwango fulani hupuuzwa, ili mtikisiko wa stendi au wa pedi ya jirani usizae sauti isiyotakiwa. Kisigino chako na vidole vyako vilianguka chini ya kizingiti hicho. Mikono yako haikuwa na kasoro. Ulikuwa unaongea na chombo kilichofunzwa kusikiliza vijiti.

Tena piezo haijui kwamba mkono bado uko pale. Ukiubandika mkono juu ya konga kuziba mlio, ngozi inanyamaza. Ukifanya hivyo juu ya piezo tupu, hakuna kitu, kwa sababu mgandamizo uliotulia hautikisi chochote.

Aina ya pili ya kihisi ni utando ambao ukinzani wake kwa umeme hushuka kadiri unavyoubana. Huu husikia mguso mwepesi, husikia mkono uliobaki umekaa, na hutofautisha kukandamiza kidogo na kukandamiza sana. Ndiyo maana vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya viganja huutumia. Unaweza kupiga kwa mkono mmoja, ukabana kwa mwingine, na sauti ikazibwa au ikapanda, kama wapiga tabla wanavyofanya kwa kisigino cha mkono kwenye ngoma ya besi. HandSonic ni ya ukoo huu. Ya kwanza, HPD-15, ilitoka mwaka 2000 ikiwa na pedi 15. HPD-20, iliyokuja mwaka 2013, ina pedi 13 juu ya duara la inchi 10, na inakuruhusu kuingiza sauti ulizorekodi mwenyewe kutoka kwenye kijiti cha USB.

Wavedrum ya rafiki yako inasikia kwa njia nyingine kabisa, na sishangai ulisisimka. Iliyotoka mwaka 1994 na ile iliyorudi mwaka 2009 zote zina wazo moja: uso wa ngoma halisi umewambwa juu, vihisi vinauchukua mtikisiko wake wenyewe, na chombo kinaugeuza mtikisiko huo kuwa sauti papo hapo. Mashine za sampuli hazifanyi hivyo. Kwenye sampuli, pigo lako ni amri tu inayosema "cheza rekodi namba fulani, kwa nguvu kiasi fulani." Kwenye Wavedrum, sehemu kubwa ya sauti inazaliwa na mguso wenyewe. Papasa uso kwa ukucha, utasikia ukucha. Buruta kidole gumba, kitalia. Piga katikati, kisha karibu na ukingo, sauti itabadilika bila wewe kubonyeza kitufe. Kwa mtu anayetaka kukaa na ngoma moja na kuichimba hadi chini, sijagusa vyombo vingi vinavyoizidi. Jamaa yake mwingine ni aFrame ya kampuni ya ATV, iliyoanzishwa na Ikutaro Kakehashi, yule yule aliyeanzisha Roland. Nayo ni ngoma ya fremu inayotumia mtikisiko wa mguso wako na haina rekodi ndani. Ukikutana nayo mahali iguse, hata kama huinunui.

Lakini wewe una mahitaji mawili ambayo Wavedrum haiyatimizi vizuri.

Kwanza, usingizi wa mume wako. Uso uliowambwa ni uso uliowambwa. Hata spika ikiwa imezimwa, ukiupiga kwa kiganja chumba kinausikia. Si kelele ya konga, lakini ni kelele, na saa nane usiku inatosha kumwamsha mtu. Mpira wa HandSonic ni kimya zaidi kwa mbali.

Pili, kazi yako kikundini. Umesema mdundo wote uko kwako. Hiyo ina maana wimbo mmoja unaweza kukudai konga mbili, kengele na manyanga, huku sauti moja ikipisha nyingine katikati ya beti. Wavedrum inakupa uso na ukingo wake, basi. Haipokei rekodi zako mwenyewe, na toleo la 2009 halina MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya umeme hutumia kupashana amri, kwa hiyo huwezi hata kuitumia kuamsha sauti zilizo kwenye kompyuta. Ni chombo cha sauti moja yenye kina kirefu. Kikundi chako kinakudai sauti kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nunua chombo cha pedi nyingi kilichotengenezwa kwa viganja, chenye vihisi vya mgandamizo. HandSonic ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo ningeanza nayo kuijaribu. Ya rafiki yako mshukuru, uiache. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana kama ungekuwa mpigaji wa peke yako anayeandamana na mwimbaji mmoja, ningekuambia uikimbilie kabla hajabadilisha mawazo.

Ile ya kiongozi wenu sasa. Mashine za pedi za vijiti zina heshima yake. Octapad ya kwanza ya Roland, Pad-8, ilitoka mwaka 1985, na ilikuwa ukombozi kwa wapiga dramu, kwani pedi nane zilikaa kwenye ubao mmoja unaobebeka. Jamaa zake wa leo ni wazuri sana kwa mtu wa vijiti. Wewe ukizipiga kwa mikono utarudi pale pale ulipovimba vidole. Zipo chache zilizowekewa mipangilio ya mikono. DTX-MULTI 12 ya Yamaha, kwa mfano, unaweza kuiambia kwamba leo unatumia vidole, nayo ikapunguza kizingiti. Ni suluhu ya kati inayoeleweka kwa mtu anayetumia vijiti na mikono kwa zamu. Wewe huna vijiti. Usianze kujifunza vijiti kwa sababu ya mchango wa nusu ya bei, maana nusu utakayolipa wewe bado inatoka mfukoni mwako, na mwisho wa siku mashine itakuwa ya kikundi.

Kuna vyombo vingine viwili ambavyo huenda mtu akakutajia, nivipitie haraka. Kajoni ya umeme, kama EL Cajon ya Roland, ni sanduku la mbao la kawaida lenye mashine ya sauti ndani; mbao zinaendelea kulia kama mbao, hivyo kwa tatizo la ghorofani haisaidii. BopPad ya Keith McMillen ni duara la mpira linalosikia mkono umegusa wapi na kwa mgandamizo gani, na ni jepesi kubeba, ila ndani yake hakuna sauti hata moja. Lazima uwe na kompyuta au simu ya kuipa sauti. Kama hupendi kuwasha kompyuta kila unapotaka kupiga, liruke.

Sasa nenda dukani, na uende na hedifoni zako za waya. Usimwache muuzaji akuchagulie sauti. Muuzaji atakufungulia ile yenye mwangwi na radi nyingi, kwa sababu inapendeza hata ukiipiga ovyo. Wewe tafuta konga kavu, isiyo na mwangwi, kisha ufanye jambo moja kabla ya jingine lolote: piga kisigino na vidole, taratibu, kwa sauti ndogo kabisa ambayo ungeitumia mwimbaji akiwa ananong'ona. Hesabu mapigo yaliyotoka. Ikiwa kuna yaliyopotea, fungua mipangilio, ongeza wepesi wa pedi kusikia, shusha kizingiti, urudie. Chombo kizuri kitajirekebisha mbele yako. Kikiendelea kumeza, kiache hapo hapo, hata kama kila kitu kingine kinapendeza.

Kikifaulu, piga polepole kutoka kunong'ona hadi nguvu zako zote, pigo baada ya pigo, usikilize kama sauti inapanda kwa ulaini au inaruka ngazi. Ujumbe wa MIDI hubeba nguvu ya pigo kwa viwango 127, lakini hilo halikuhakikishii lolote. Chombo kinaweza kuwa na viwango vyote hivyo na rekodi tatu tu nyuma yake, na sikio lako litazisikia ngazi zake waziwazi. Piga kofi lile lile mfululizo kwa kasi. Kama kila pigo ni nakala kamili ya lililotangulia, utachoka nalo ndani ya wimbo mmoja. Ngozi haitoi kofi lile lile mara mbili, na mtengenezaji aliyejali ameweka rekodi kadhaa za pigo moja zinazopishana.

Kisha jaribu uambukizi. Wekea pedi moja sauti ndefu, kengele kwa mfano, halafu piga kwa nguvu pedi ya jirani yake. Kengele ikilia bila kuguswa, mtikisiko unavuka. Kidogo unaweza kurekebishwa kwa mipangilio. Kikubwa kitakuaibisha jukwaani.

Na kama utaamua kununua kilichotumika, piga kila pedi kwa nguvu moja na ulinganishe. Utando wa mgandamizo huchoka pale ulipopigwa zaidi, na kwa kawaida ni zile pedi za katikati ambazo kila mtu huzipenda. Chomeka waya wa sauti, uutikise kidogo, usikilize mikwaruzo. Angalia adapta: volti, ampea na mpangilio wa chanya na hasi lazima viendane na vilivyoandikwa kwenye chombo. Adapta ya kubahatisha huua mashine nzima.

Nilisema hedifoni za waya, na hapa sitanii. Usitumie za Bluetooth kwa kupiga ngoma. Sauti ya Bluetooth mara nyingi huchelewa zaidi ya sehemu 100 za elfu za sekunde, na mkono wa mpiga ngoma hauwezi kuishi na hilo. Utapiga, utasikia baadaye, na bila kujua utaanza kuwahi ili kufidia. Ukirudi kikundini kila mtu atashangaa kwa nini unakimbia. Kwa kipimo cha kulinganisha, sauti hewani hutembea karibu mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa takriban sehemu 3 za elfu. Chombo kinachochelewa sehemu 10 ni sawa na kupiga ngoma iliyo mita tatu na kidogo kutoka sikioni mwako. Mikono huanza kuhisi kuanzia hapo. Vyombo vyenye mashine ya sauti ndani yake kwa kawaida viko chini ya kiwango hicho. Ucheleweshaji wa kuudhi huingia pale kompyuta isiyopangwa vizuri, au Bluetooth, inapoingizwa katikati.

Usidhani pia kwamba hedifoni zimemaliza kelele. Pedi ikiwa juu ya stendi, kila pigo linashuka kwenye miguu ya chuma, linaingia sakafuni, na jirani wa chini anasikia du, du, du bila muziki wowote, jambo linaloudhi kuliko muziki wenyewe. Nyumbani kiweke mapajani, au kwenye stendi iliyosimama juu ya mkeka mzito wenye sponji chini yake. Muombe mume wako alale chumbani siku moja akiwa macho, wewe upige sebuleni, akuambie anasikia nini. Mwanangu, nimesoma habari ya mto ule mara mbili. Mtu anayejinyima usingizi ili usiache ngoma anastahili kushirikishwa katika uchaguzi huu, si kupelekewa chombo kikiwa tayari kimenunuliwa.

Kuhusu vidole vilivyovimba. Mpira haurudishi mkono kama ngozi iliyokazwa. Konga inakusukuma juu baada ya pigo, na wewe umezoea msaada huo. Kwenye mpira unauinua mkono mwenyewe kila mara. Ukiongezea tabia ya kupiga kwa nguvu ili usikike, viungo vitalipa. Dawa yake iko kwenye mipangilio: chombo kiwe kimefunguliwa kusikia sana, sauti ya hedifoni iwe juu kiasi cha kutosha lakini si cha kuumiza masikio, ili mkono uwe mwepesi. Vua pete. Mazoezi yawe mafupi mwanzoni, na maumivu yakirudi, pumzika hadi yaishe kabisa. Yakidumu, nenda kwa daktari. Na usikipige chombo cha viganja kwa vijiti hata mtu akikuomba kwa dakika moja, kwani utando uliotengenezwa kwa ajili ya nyama ya mkono huharibika kwa mbao.

Jukwaani, tenga sehemu ya fedha kwa ajili ya spika kabla hujamaliza yote kwenye chombo. Hili watu hulisahau. Konga ya umeme kupitia amplifaya ya gitaa husikika kama debe, kwa sababu amplifaya ile imeundwa kwa masafa ya gitaa na hukata besi na mlio mkali wa juu. Unahitaji spika inayobeba masafa yote, kama ile ya mwenye kinanda wenu. Muulize kama ina tundu la ziada. Huenda tatizo limekwisha bila kununua kitu. Waya ukiwa mrefu kutoka kwako hadi kwenye mikisa, tumieni kisanduku cha DI, kinachoandaa sauti ya chombo isafiri safi kwenye waya mrefu, la sivyo utavuna mvumo wa umeme.

Na mwalimu wako. Sikubaliani naye kwamba ngozi itakukataa, lakini ana sehemu ya ukweli unayopaswa kuichukua kwa mikono miwili. Kwenye konga, tofauti ya pigo la wazi na kofi inatoka katika umbo la mkono: vidole vimekunjwa kiasi gani, vimetulia au vimelegea, vimeshika ukingo wapi. Kwenye pedi nyingi, kofi ni pedi nyingine tu, au ni pigo la wazi lililopigwa kwa nguvu zaidi. Mkono wowote uliokunjwa vibaya utatoa kofi zuri, kwa sababu kofi lilishapigwa na mtu mwingine studioni. Hapo ndipo mazoea mabaya yanapoingia. Kwa hiyo gawa kazi. Chombo cha umeme kikufanyie mwendo, kasi, uhuru wa mkono wa kushoto, kukariri nyimbo, kupiga na metronomu. Mlio wenyewe uufanyie kazi kwenye konga, siku za mazoezi ya kikundi, ukifika mapema kabla ya wenzako na kuanza na makofi peke yake. Usiuze konga zako, hata kama fedha za spika hazijatosha.

Ningekushauri pia umpelekee mwalimu chombo hicho ukishakinunua, umwombe akipige. Usimbishie kwa maneno. Muwekee konga kavu, kizingiti kikiwa chini, umpishe kiti. Mtu mwenye mikono kama yake atagundua haraka zaidi yako kile chombo kinachosikia na kile kisichosikia, na atakuonyesha mahali pa kuwa mwangalifu.

Kwa kiongozi wenu, zungumza naye kabla ya kununua. Mwambie wazi kwamba chombo unachokitaka nacho kina manyanga, kengele na makofi anayoyahitaji, kwamba kinaingiza rekodi zenu wenyewe, na kwamba kitakuwa mali yako. Rekodini hata makofi ya waimbaji wenu wawili na myaingize humo. Nadhani hapo atalegea. Akiendelea kushikilia vijiti, basi kikundi kinunue mashine yake kwa fedha ya kikundi, na atafutwe mtu wa kuipiga.

Wiki hii fanya mawili tu: zungumza na mume wako, kisha nenda dukani na hedifoni za waya. Ukishapiga kisigino na vidole kwa sauti ya kunong'ona, niandikie uniambie ni mapigo mangapi yalitoka.

Mama Mshauri